Mji Mkongwe kwa Magongo Mawili

Kwa mtu mwenye miguu mizima, kutoka Darajani hadi Forodhani ni dakika kumi na tano, ishirini ukisimama kununua kashata. Kwa mtu mwenye magongo ni baraza kumi na moja. Nimezihesabu mwenyewe, na ya kumi na mbili nilipoikosa nilikaa kwenye kizingiti cha duka la vinyago mpaka mwenye duka akanionea huruma akaniletea kigoda.

Baraza, kwa wale ambao Zanzibar wanaijua kwenye kalenda tu, ni ile benchi ya mawe na chokaa iliyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje, ikitazama njia. Hapo ndipo watu hupiga soga, hunywa kahawa chungu, husubiri adhana na kumjadili kila anayepita. Mvua kubwa ikinyesha na vichochoro vikajaa maji, watu hupita juu yake kama daraja. Watalii huzipiga picha. Mimi, kwa siku kumi, zilinibeba.

Si unajua tena barabara zetu za Dar. Aprili 2023 nilikuwa abiria kwenye bodaboda, naenda kazini. Gari dogo likachomoka kwenye geti bila dereva wake kutazama kushoto wala kulia. Helmeti ilikuwa kichwani, kwa hiyo kichwa kilipona. Ugoko wa kulia haukupona: mifupa yote miwili ya chini ya goti ilikatika. Siku mbili baadaye nikawekewa chuma ndani ya mfupa mkubwa, na daktari akanipa ratiba ambayo nilidhani ni utani. Mfupa huo, akasema, unaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita kuunga vizuri. Miezi sita, bwana! Mimi ni mtu wa mauzo, ofisi yangu ni viatu vyangu.

Kitu ambacho hakuna anayekuambia ukiwa wodini ni kwamba mfupa una akili zake. Kwanza damu huganda pale ulipokatika. Ndani ya wiki mbili tatu huanza kujengeka kitu laini kama gegedu, kuziba pengo. Kisha kitu hicho hujazwa madini ya chokaa mpaka kikawa kigumu. Baada ya hapo, kwa miezi na hata miaka, mwili unaendelea kuuchonga mfupa mpya ukaribie umbo la zamani. Lakini mfupa unahitaji kubebeshwa mzigo ili ukomae, kidogo kidogo, kwa kipimo cha daktari. Ukiuogopa ukaulaza tu, nao unalala.

Hayo ya kulala ndiyo yaliyotupeleka Unguja. Bibi yake mke wangu, mwenye miaka 76, alianguka Januari mwaka huohuo akiwa nyumbani kwake upande wa Mkunazini. Aliamka alfajiri kwenda kutia udhu, mkeka ukateleza kwenye sakafu, nyonga ikavunjika. Hakugongwa na gari wala hakudondoka mnazini. Ni kimo chake tu, kutoka kusimama hadi chini. Alifanyiwa upasuaji, akabadilishiwa kichwa cha mfupa wa paja, na daktari akamruhusu kutembea kwa fremu tangu wiki ya kwanza. Miezi mitano ilikuwa imepita na Bi Mkubwa hajavuka mlango wa chumba chake. Chakula kitandani, kuoga kitandani. Mama mkwe alipiga simu akilia. Mke wangu akanitazama mimi na magongo yangu akasema, “Twende wote. Wagonjwa wawili nitawauguza sehemu moja.”

Nikamuuliza daktari kwanza. Alikuwa ameshaniruhusu kukanyaga nusu ya uzito, akasema safari ya saa mbili za boti haina neno, ila nisikae bila kuuchezesha mguu, kwa sababu mguu uliovunjika ukitulia muda mrefu damu inaweza kuganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likipanda hadi kwenye mapafu linaua. Kwa hiyo boti nzima nilikuwa nachezesha vidole na kifundo kama mtu anayesikiliza taarabu moyoni.

Ngazi kumi na tisa

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ukiusoma kwenye vipeperushi utaambiwa habari za milango ya nakshi. Mwenye magongo haoni milango. Anaona chini. Anaona mawe yaliyosuguliwa na nyayo za miaka mingi mpaka yakang'aa, mfereji mwembamba katikati ya njia, vizingiti virefu vya milango, na baiskeli inayokuja nyuma kwa kengele. Vichochoro vingi gari haliingii, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Vespa zipo, lakini zinapita polepole kwa sababu hazina jinsi.

Nyumba ya Bi Mkubwa ni ya ghorofa kama jirani zake, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba maana upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Ngazi zake ni kumi na tisa, zimesimama kama zinapanda minara. Mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kanuni moja tu ya ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia. Na uzito uwe kwenye viganja, kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu, kwa sababu ukiliegemeza kwapa unabana mishipa ya fahamu na mkono unaanza kufa ganzi. Nilipanda zile kumi na tisa kwa dakika saba, jasho linanitoka, shemeji yangu yuko nyuma kanitegea mikono kama golikipa.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Ndiyo nini hivyo, umekuja kuniposa na miti?”

Kwa utani wa bibi na mjukuu, mimi ni mume wake na mke wangu ni mke mwenziwe. Alicheka, nikacheka. Lakini nilipomwomba ashuke kitandani tukakae dirishani, uso ulibadilika. “Mimi basi tena,” akasema. Nyonga ilishapona. Daktari wake alimwonyesha picha ya eksirei. Kilichokuwa kimebaki ni hofu, na hofu haionekani kwenye eksirei.

Hapa msomaji mwenye bibi au mama wa umri huo anisikilize vizuri. Mzee aliyevunjika nyonga akiachwa kitandani hupata vidonda vya kulalia, mapafu hujaa, damu huganda, misuli inayeyuka. Wengi huondoka kwa hayo, huku mfupa wenyewe umeshatengenezwa. Ndiyo maana madaktari wanamsimamisha mgonjwa mapema namna ile, watu wanadhani ni ukatili.

Na kwa nini Bi Mkubwa alivunjika kwa kuanguka tu? Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka na mifupa huanza kupoteza madini kwa kasi. Mfupa unabaki na umbo lake lakini ndani umekuwa kama mkate wa mofa. Hali hiyo huitwa osteoporosisi, na haina maumivu mpaka siku ya kuvunjika. Kadirio linalotajwa sana duniani ni kwamba kati ya wanawake watatu waliovuka miaka 50, mmoja atavunjika mfupa kwa sababu hiyo, na kwa wanaume ni mmoja kati ya watano. Wenye hatari zaidi ni wembamba mno, wavutaji sigara, wanywaji sana, watu wa kukaa tu, waliokunywa vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, na ambao mama au baba alivunjika nyonga. Halafu jua: mwili unatengeneza vitamini D kwenye ngozi iliyopigwa na jua, na bila hiyo vitamini chokaa ya kwenye chakula hainyonywi vizuri. Mtu anayeshinda ndani, au anayejifunika mwili mzima kila atokapo, anaweza kuikosa hata akiishi Unguja kwenye jua la kumwaga.

Sasa usiseme hayo ni ya bibi. Mfupa huwekeza ujanani na kilele chake ni kwenye umri wa kama miaka 30. Baada ya hapo unatumia akiba. Wewe unayeshinda kwenye kiti cha ofisi chenye kiyoyozi, unakula chipsi na soda mchana, unavuta sigara mbili tatu na washkaji Ijumaa, jua lako unalionea kwenye kioo cha gari, piga hesabu mwenyewe. Sigara pia huchelewesha mfupa uliovunjika kuunga. Nilipotajiwa hilo wodini, jirani yangu wa kitanda cha pili aliivunja pakiti yake hapohapo.

Kikoi, kiti na mke aliyelala siku mbili

Wiki tisa za kuuguzwa na mke wangu zilikuwa zimetufikisha pabaya, na sioni haya kulisema. Alikuwa ananiogesha, ananivalisha, anakwenda kazini, anarudi, anapika, usiku ananisaidia kwenda chooni. Siku moja alinifokea kwa sababu ya glasi ya maji, mimi nikamjibu kwa maneno ya mtu asiyeweza hata kuondoka chumbani akapunge hewa. Ukiwa na miguu, ugomvi unaukimbia. Ukiwa na magongo mnabaki mnatazamana.

Kule Mkunazini walikuwapo shangazi wawili, mama mkwe, shemeji na watoto wa jirani wasio na hesabu. Mke wangu alikabidhi wagonjwa wote wawili akalala. Alilala siku mbili, jamani, anaamka anakula anarudi. Siku ya tatu aliamka anaimba. Sijui kama kuna dawa ya ndoa inayozidi usingizi wa anayeuguza.

Mambo mengine yalikuwa ya aibu kidogo. Choo cha kuchuchumaa kwa mtu mwenye chuma mguuni hakiwezekani. Shemeji alichukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa msumeno, akakisugua kingo kwa msasa, akakiweka juu ya tundu. Mambo yakaisha. Suruali nilizobeba hazikutoka kwenye begi kwa sababu kikoi kinavaliwa ukiwa umekaa, hakibani kidonda, na mbele ya mama mkwe ni vazi la heshima kabisa. Na la chumbani, maana najua wengine mmefika hapa mnalisubiri: daktari hakutukataza, alisema tu mguu usibebe uzito wala usipindishwe. Mto chini ya goti, na haraka ya nini.

Jirani mmoja, kwa nia njema, alimshauri mama mkwe tuitiwe mtu wa kuunga mifupa aje anikande na kunifunga vijiti. Waungaji wapo pwani nzima na wengine wana mikono yenye ujuzi wa kurithi. Lakini vijiti vikikazwa sana damu haipiti, na mguu huweza kuoza mpaka ukakatwa. Vidole vikiwa baridi, vyeusi au vimekufa ganzi, fungua na ukimbie hospitali. Mama mkwe alimjibu kwa adabu ya Kiunguja: “Ahsante, bwana, lakini huyu tayari ana nondo ndani, mtamkandia wapi?”

Kutoka baraza hadi baraza

Tulimwinua Bi Mkubwa kwa ushindani. Nilimwambia, mke wangu, mimi nakwenda dirishani, atakayechelewa analipa kahawa. Siku ya kwanza alisimama akashika fremu, akatetemeka, akarudi kukaa. Siku ya pili alifika dirishani na kuona mtu kajenga banda la kuku kwenye paa la pili, akatukana kidogo, tukajua anapona. Siku ya nne alishuka ngazi, shemeji mbele, shangazi nyuma, mimi juu nikiimba kanuni ambayo yeye aliifupisha: “Mzima apande, mgonjwa ashuke!” Watoto wa kichochoro wakaidaka, mpaka leo nadhani wanaimba.

Chini ya ngazi kuna baraza ya nyumba yake mwenyewe. Alikaa pale saa nzima, jua la asubuhi linampiga miguuni. Kila aliyepita alisimama. “Bi Mkubwa! Hujambo? Tulikwambia utanyanyuka.” Wengine walimletea vitumbua. Kesho yake akataka baraza ya jirani, hatua thelathini. Kesho kutwa, ile ya pembeni ya duka la viungo. Nikaanza kuuelewa mji ule. Aliyejenga benchi ukutani kwake kila hatua ishirini thelathini hakuwa na habari za fiziotherapia, alitaka mahali pa kupokea wageni bila kuwaingiza ndani. Lakini mtu anayejifunza kutembea anahitaji kitu hichohicho: pa kukaa kabla ya kuchoka, na mtu wa kuongea naye akishakaa.

Alasiri, Bi Mkubwa akipumzika, mimi na mke wangu tulikwenda mbali zaidi. Tulikaa Mkunazini mbele ya kanisa la Anglikana, lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Tulikaa Jaws Corner, kahawa na dhumna, wazee wakanipa nafasi ya ukutani bila kuuliza na kila mmoja akanisimulia mfupa wake: aliyedondoka mkarafuuni Pemba akiwa kijana, aliyepondwa na mashua. Mzee mmoja alizikagua ncha za magongo yangu akatikisa kichwa. Mpira ulikuwa umelika, na gongo lenye mpira uliolika juu ya jiwe lenye maji ni sawa na kuvaa ganda la ndizi. Akanielekeza kwa fundi viatu Darajani, akaniwekea vipande vya tairi la gari. Hodari kweli.

Forodhani ilikuwa siku ya nane. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2009, njia zake ni tambarare na benchi zipo za kutosha, ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kwa mtu mwenye magongo. Jirani yake Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, lilikuwa limezungushiwa uzio. Sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020, na nilipolitazama nilihisi kaundugu fulani. Matumbawe na chokaa vile vina kalsiamu kama mifupa yangu. Tukala pweza, na kwa ajili ya mguu nikaongeza dagaa, kwa sababu samaki unayemtafuna na miba yake ni chokaa tupu, tena wa bei ya kawaida kuliko vidonge vya kopo.

Magharibi ikaribiapo vijana wa makachu walianza kuruka baharini kutoka ukutani, wanakimbia, wanapinduka hewani, watu wanashangilia. Mke wangu aliniziba macho. Maji yakijaa ni burudani. Yakipwa, kuruka kichwa mbele pale ni kucheza na shingo, na uti wa mgongo hauungi kama ugoko.

Siku ya mwisho Bi Mkubwa alifika kwa rafiki yake wa ujana, nyumba ya sita kutoka kwake, ambako alikuwa hajakanyaga tangu Januari. Walikaa barazani wakaanza umbea wa miezi mitano. Saa ya boti ikafika, tukamfuata kumuaga. Akatupa mkono bila kunyanyuka. “Nendeni salama. Mimi bado naongea.”

Ukitaka kwenda ukiwa na jeraha lako, nenda Juni hadi Septemba, kipupwe, njia zikiwa kavu. Machi hadi Mei masika huyageuza mawe kuwa sabuni. Mwombe daktari ruhusa kwa maandishi na ubebe picha yako ya eksirei. Bandarini fika mapema, omba kiti cha magurudumu na upande kabla ya msukumano. Nyumba za wageni Mji Mkongwe nyingi ni za ngazi na lifti ni za kutafuta, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza chumba cha chini na aina ya choo. Kama unamfikia mzee, toa mikeka na mazulia njiani, funga taa kati ya kitanda na choo, na uweke chuma cha kushika bafuni. Kwa Bi Mkubwa shemeji alivifanya vyote kwa siku moja.

Mimi niliyaacha magongo Oktoba. Yeye alihamia kwenye mkongojo mmoja, na wiki iliyopita amepiga simu akiagiza mipira ya ncha, miwili, kutoka Kariakoo, kwa sababu ile ya tairi anasema inampigia kelele njiani na watu wanajua anakokwenda. Kipimo amekichora kwa wino kwenye bahasha akampa mtu wa boti atuletee.